Mheshimiwa Azindua Kompyuta ya Chiriku

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Kwa mwanangu Chiriku,

Jana kulikuwa na hotuba, mama, na wewe hukuwepo. Nimeona nikuandikie yote, maana hakuna mtu aliyependa hotuba za wakubwa kama wewe. Ulikuwa unazisikiliza redioni huku unakula, ukimaliza unapanda juu ya kigoda changu cha kushonea, unashika kijiko mbele ya mdomo na kutuhutubia mimi, mama yako na nguo za watu zilizotundikwa. Ulisema nguo ndizo wananchi wazuri, zina mikono na haziulizi maswali.

Ilikuwa pale shule ya wasioona, kwenye chumba cha kuchapia. Kompyuta yako bado iko juu ya meza ya dirishani, imeunganishwa na ile mashine kubwa ya kuchapa nukta nundu. Nilipowaachia baada ya mazishi nilisema waitumie mpaka nitakapoihitaji. Jana nilikwenda kuichukua. Nisikufiche. Nyumba imekuwa kimya mno, na hicho ndicho kitu chako pekee ambacho bado kinafanya kazi. Nilijua pia kwamba mtihani wa darasa la mwisho ni mwezi ujao, kwamba kitabu cha marudio cha jiografia kimefika nusu, na kwamba hakuna kompyuta nyingine pale ambayo ile mashine inaitii. Nilitembea na mambo hayo mawili kichwani njia nzima.

Nikakuta maturubai uani, viti vya kukodi ndani na gari refu jeusi. Mheshimiwa amekuja kuzindua mradi. Mradi gani? Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Mzee wangu, wewe keti tu. Hata sisi tumeambiwa jana jioni."

Kabla sijaanza nikueleze jambo moja, la sivyo hutaelewa makofi. Asubuhi katibu wa Mheshimiwa aliwapa walimu hotuba ichapwe kwa nukta nundu ili wanafunzi waifuatilie kwa vidole. Ikachapwa na kompyuta yako, yote kama ilivyokuwa, pamoja na maneno ambayo katibu alimwandikia bosi wake pembeni: hapa MAKOFI, hapa KICHEKO, hapa VIGELEGELE. Watoto wale ni watiifu. Wakadhani ni maagizo yao. Wakakubaliana wamfuate dada mkuu, na dada mkuu ana vidole vyepesi kuliko mdomo wa Mheshimiwa.

Baadaye huyo dada mkuu alinisomea nakala yake nami nikaandika. Yaliyosemwa nje ya karatasi nimeyaongeza mwenyewe. Isome kwa sauti ile yako ya kijiko.

*

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi ya Uzinduzi. Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati hiyohiyo. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kuratibu Kamati hiyo. Mkurugenzi wa Mageuzi. Kaimu Mkurugenzi wa Mageuzi. Mkurugenzi mstaafu wa Mageuzi, ambaye naona amekaa kwenye kiti cha kaimu, jambo ambalo tutalizungumza ofisini. Viongozi wa ulinzi na usalama. Wawakilishi wa sekta binafsi. Washirika wetu wa maendeleo, ambao wametuma udhuru. Mwalimu mkuu na wanataaluma wenzako. Ndugu wanahabari, wewe mwenye kamera sogea huku, huo si upande wangu mzuri. Wanafunzi wetu wapendwa, ambao ninawaona wote na ninajua nanyi mngependa sana kuniona. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja basi na ajitaje mwenyewe kimoyomoyo.

(Kicheko kikubwa kutoka kwa wanafunzi. Mheshimiwa alikuwa bado hajafika kwenye utani. Dada mkuu alikuwa ameshageuza ukurasa.)

Ahsanteni, ahsanteni, naona mmechangamka. Ndugu zangu, ninasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao watu wengi wamenisifia, wengine hadi kuniandikia barua, nikiwa na dhamana ya kuzindua rasmi Mradi Jumuishi, Shirikishi, Endelevu na Unganishi wa Mageuzi ya Kidijitali kwa Taasisi zenye Mahitaji Mahususi, Awamu ya Kwanza, ambao kwa kifupi tunauita Mradi, na ambao ni matokeo ya sinaji, yaani nguvu ya pamoja, kati ya ofisi yangu, mimi mwenyewe na mastekiholda wengine.

Kabla ya hapo ni lazima tukumbushane tulikotoka. Shule hii, ndugu zangu, kwa muda mrefu ilikabiliwa na changamoto ya kimfumo, kwa maana kwamba mashine yake ya kuchapa nukta nundu inatii programu moja tu, programu hiyo ni ya zamani na waliokuwa wakiitengeneza hawaitengenezi tena, nayo inatii Windows ya enzi zake peke yake, na Windows hiyo ilikuwa ndani ya kompyuta ambazo, kwa mujibu wa taarifa niliyoletewa mezani, zilikufa kwa uzee moja baada ya nyingine...

(Makofi ya nguvu.)

...zilikufa, nasema, na hali hiyo ikawaacha watoto wetu bila vitabu muhula mzima...

(Makofi, vigelegele, na mmoja alipiga mluzi.)

...jambo lililoniumiza sana mimi binafsi nilipolisikia.

(Kicheko. Mheshimiwa akamtazama katibu. Katibu akatazama viatu vyake. Kule nyuma nikamsikia mpishi wa shule akimuuliza mlinzi, "Hawa watoto wamepewa nini asubuhi?" Mlinzi akamjibu, "Uji wako huo huo.")

Nimefurahishwa na ari yenu. Sasa, mbele ya tatizo hilo kiongozi wa kawaida angefanya nini? Angenunua kompyuta. Lakini mimi nilikuwa angani, nikielekea kwenye semina ya kujenga uwezo wa wajengao uwezo, nikatazama mawingu nikajiuliza, kwa nini tufikiri kwa namna ile ile? Kwa nini tusifikiri nje ya namna hiyo, kisha tukarudi ndani tukiwa na posho? Nikamgeukia jirani yangu wa kiti nimshirikishe maono hayo, nikakuta amelala. Hapo ndipo nilipojua kwamba uongozi ni upweke.

(Kimya. Karatasi haikusema kitu.)

Nikaelekeza iundwe timu ya wataalamu ya kupitia mapendekezo ya timu ya awali, na timu hiyo ikanishauri kuhusu Linux. Linux, ndugu zangu, kwa faida ya wale ambao hawajawahi kuhudhuria semina, ni mfumo endeshi kama ulivyo Windows, isipokuwa huu hautozwi ada ya leseni, unakubali kukaa hata kwenye kompyuta iliyochoka, na mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Nilipoambiwa kwamba ni wa bure nilishtuka sana. Nikauliza, sasa kamati ya manunuzi itakaa kujadili nini? Nikajibiwa kwamba itajadili sababu za kutonunua. Nikaridhika.

Lakini hapo ikazuka changamoto juu ya changamoto, kwa sababu programu ya Windows ukiipeleka kwenye Linux haifunguki, ni sawa na mgeni aliyeshuka stendi ambayo hakuna anayejua lugha yake. Ndipo timu yangu, chini ya uongozi wangu na wakati mwingine bila kujua kwamba iko chini ya uongozi wangu, ikaja na suluhisho liitwalo tabaka la upatanifu, au kwa lugha ya kitaalamu kompatibiliti leya, ambalo naomba nilifafanue kwa kina ili mwananchi wa kawaida aelewe. Ni tabaka. Na ni la upatanifu.

(Makofi. Haya yalikuwa yake kweli, yaliangukia mahali pake, na Mheshimiwa akayapokea kwa kufunga macho.)

Kwa maneno mengine, programu inawasili kwenye Linux, inapokelewa na tabaka, inaundiwa kikosi kazi, inapewa kitambulisho cha muda, inaapishwa, inaonyeshwa choo kilipo, na baada ya mchakato huo shirikishi inaanza kazi kwa mujibu wa roudimapu.

(Hapa, mama, nilikukumbuka hadi nikainama. Siku uliponieleza mimi ulinipokonya mkasi kwanza. Ukasema, "Baba, si unamshonea yule bwana mnene ambaye hujawahi kumwona? Mtumishi wake anakuja na vipimo, unamuuliza kiuno, anakujibu, unamuuliza mabega, anakujibu, unakata, nguo inamkaa. Basi programu ndiyo wewe. Linux ndiyo bwana mnene. Hili tabaka ndilo mtumishi. Programu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, tabaka linakwenda kwa Linux kukiomba kwa lugha ya Linux, linarudi na jibu. Halina Windows ndani yake. Linajibu tu kila linapoulizwa." Nikakuuliza, na programu ikijua imehama? Ukacheka ukasema, "Hatuiambii, baba." Mama yako bado anakuwekea kikombe mezani asubuhi. Mimi simwambii kitu.)

Sasa nije kwenye takwimu, maana mimi ni mtu wa takwimu. Tangu Mradi huu uanze kufikiriwa, ufanisi umepanda kwa asilimia mia moja na arobaini, na ungepanda zaidi kama fomu ingekuwa na nafasi. Kati ya kompyuta zote zilizolengwa, asilimia tisini na tisa zimelengwa. Uelewa wa wananchi kuhusu Mradi umefikia wastani, na wastani huo umevuka lengo la chini. Deshibodi iliyoko ofisini kwangu inaonyesha kijani kila mahali, na nilipouliza kijani maana yake nini nikajibiwa kwamba ndiyo rangi iliyopatikana.

(Vigelegele. Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa kando yangu, akasema polepole, "Mungu wangu." Sidhani kama hilo lilikuwa kwenye karatasi.)

Ndiyo maana leo, nyuma yangu, mnaona au mnaelezwa na wenzenu kwamba mnaona vitu kumi na viwili vilivyofunikwa kitambaa cha bluu na kufungwa utepe. Hiyo ni maabara. Kila mwanafunzi atakuwa na kompyuta yake, kila kompyuta itakuwa na Linux yake, kila Linux itakuwa na tabaka lake, na kila tabaka litakuwa na mratibu wake mwenye shahada. Na hii moja hapa dirishani, ambayo haikufunikwa kwa sababu katibu wangu anasema ikifunikwa inapata joto, ndiyo kinara wa Mradi, ndiyo kielelezo cha implimentesheni, na sasa hivi nitaibonyeza kwa mkono wangu huu ili historia ishuhudie.

(Akabonyeza. Mashine ya kuchapa ikaanza, na unaijua sauti yake. Mheshimiwa aliruka nyuma akamkanyaga kaimu mkurugenzi. Mlinzi wake akatangulia mbele, mkono kiunoni. Mwalimu mkuu akasema, "Ni karatasi tu, Mheshimiwa." Kompyuta yako haikujua habari za uzinduzi. Ikaendelea pale ilipoishia juzi.)

Msiwe na hofu, nilirudi nyuma ili niione vizuri. Haya, mnaiona karatasi hii? Imejaa nukta. Nukta hizi mimi nimejifunza kuzisoma ndani ya muda mfupi sana kutokana na mapenzi yangu kwa kundi hili, na hapa juu kabisa panasema, "Karibu Mheshimiwa, tunakupenda."

(Akampa dada mkuu aithibitishe. Dada mkuu akaigeuza kwanza, maana ilikuwa imeshikwa juu chini, akapitisha kidole na kusema kwa sauti yake ile iliyonyooka: "Panasema, maporomoko ya ardhi husababishwa na ukataji wa miti kwenye miteremko." Kicheko hiki kilikuwa cha kila mtu. Hata dereva wa gari jeusi alicheka.)

Naam. Na ni kweli kabisa husababishwa. Ndiyo maana nasema Mradi huu ni mtambuka, unagusa hadi mazingira.

Ndugu zangu, nielekee ukingoni.

(Hapa wanafunzi hawakupiga makofi. Niliona vidole vyao vimesimama kwenye ukurasa wa mwisho, vinarudi nyuma, vinasoma tena. Wakaanza kunong'onezana mstari kwa mstari. Sikuelewa kuna nini mpaka Mheshimiwa alipofika hapo yeye mwenyewe.)

Kutokana na mafanikio haya makubwa, na kwa kuwa kitu kizuri hakipaswi kukaa mahali pamoja, nimeelekeza kwamba kompyuta hii kinara iondoke leo hii katika msafara wangu, kwenye gari langu, kiti cha nyuma, ikafungiwe makao makuu kwa ajili ya maonyesho, na baada ya hapo izungushwe nchi nzima ili kila mwananchi aishuhudie ikifanya kazi.

(Kimya. Katibu akaonyesha kwa mikono kwamba hapo ni makofi. Alisahau anamwonyesha nani.)

Nasema, iondoke leo hii.

(Dada mkuu akasimama. "Mheshimiwa, samahani. Na jiografia yetu?")

Binti yangu, jiografia ipo hata makao makuu.

("Mtihani uko hapa, Mheshimiwa. Tumefika kwenye miteremko tu. Bado mito, bado ramani, bado hali ya hewa." Mwingine nyuma yake akadakia, "Na mito ndiyo inatokaga kila mwaka!" Mwalimu mkuu akawaambia waketi, lakini aliwaambia kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeomba wasimsikie.)

Uvumilivu, watoto wangu. Hizi kumi na mbili za bluu zitakuja kufunuliwa mara tu taratibu zitakaporuhusu zifunuliwe.

(Basi, mama, nikanyoosha mkono. Unajua mimi si mtu wa mikutano. Nilikwenda pale kuichukua kompyuta yako niirudishe nyumbani, na sasa nilikuwa naona mtu mwingine anaichukua mbele ya macho yangu, na bado niliwasikia wale watoto na mito yao. Nikasema, "Mheshimiwa, shikamoo." Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi, lakini ndivyo ilivyotoka. Nikasema, "Hiyo kompyuta si ya mradi. Ni ya marehemu binti yangu. Ndiye aliyeiweka hiyo Linux na hilo tabaka, na ndiye aliyekaa hapa Jumamosi zake mpaka ikakubali kuchapa. Mimi niliwaazima shule.")

Huyu mzee ni stekiholda wa wapi?

(Katibu akamwendea mbio, akaweka mdomo sikioni mwake. Hakuna aliyekumbuka kuzima maikrofoni. Tukasikia wote. "Ulisema ni yetu!" "Nilisema iko kwetu, Mheshimiwa. Kwetu, kwa maana ya nchini." "Na hizo za bluu?" "Hizo nilikueleza kwenye gari, Mheshimiwa. Ulikuwa kwenye simu." "Kwa hiyo hakuna kitu?" "Kipo, Mheshimiwa. Kipo hicho cha mzee." Kisha kikohozi kirefu.)

Ndugu zangu, kiongozi msikivu husikiliza, na mimi nimesikiliza. Kufuatia mashauriano ya kina ambayo yamefanyika hapa hapa mbele yenu kwa uwazi wa hali ya juu, nimeridhia kwamba kompyuta hii isiondoke, na uamuzi huu uingie kwenye ripoti kama mafanikio ya robo mwaka.

(Makofi. Haya hayakuwa kwenye karatasi. Nilitazama vidole vya dada mkuu. Alikuwa ameiweka hotuba chini ya kiti.)

Sasa naomba tusimame kwa kauli mbiu. Nikisema Upatanifu, mseme Kwa Wote. Upatanifu!

("Kwa wote!")

Linux!

("Juu!")

Windows!

("Juu!")

Tabaka!

("Juu!")

Na mimi?

(Kimya. Dada mkuu: "Hilo halimo, Mheshimiwa.")

Basi nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru wenye maturubai na wenye viti, ambao nimeambiwa wako nje wanasubiri kwa sababu wana harusi mchana. Nalishukuru duka la vifaa vya ofisi kwa kutuazima yale maboksi kumi na mawili yaliyofunikwa kitambaa cha bluu, na nawaomba wanafunzi msiyaegemee, maana ni matupu na yatabonyea. Nakishukuru kitambaa, kwa maana ya mwenye kitambaa. Naishukuru Kamati ya Bajeti kwa kuahidi kukutana ili ipange siku ya kukutana kujadili kama kuna haja ya kuwa na Mradi, kwani hadi ninavyozungumza Mradi hauna fungu, hauna ofisi, hauna mtumishi na hauna kompyuta, lakini jina unalo, na tena ni refu. Naishukuru timu yangu ya wataalamu, ambayo itateuliwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru mzee huyu pale nyuma, simama mzee wakuone, wale wanaoweza, kwa sababu kama si kompyuta ya marehemu binti yake leo nisingekuwa na kitu cha kubonyeza. Kwa hayo machache natamka kwamba Mradi, ambao haujaanza, umezinduliwa rasmi. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

*

Ndivyo ilivyokuwa, mama. Utepe haukukatwa, maana mkasi ulikuwa umeazimwa pia na mwenyewe alishaondoka nao.

Gari jeusi lilipowashwa, katibu alinifuata kivulini. Ni kijana mpole, kola yake imeisha upande mmoja, ningeweza kumgeuzia kwa muda mfupi tu. Akasema, "Mzee, unisamehe. Niliagizwa nitafute mradi unaofanya kazi. Nimezunguka sana. Nikaupata huu peke yake." Nikamwambia hajanikosea. Akauliza, "Alikuwa na umri gani?" Nikamwambia. Akavua miwani akaifuta, akaenda kukimbilia gari.

Mimi nikarudi ndani. Wabeba viti walikuwa wanatoa vya mwisho, na maboksi yalikuwa yanapita mlangoni juu ya vichwa vya watu, mepesi. Kompyuta yako ilikuwa inaendelea. Ulimi wa karatasi ulikuwa umefika sakafuni kwa sababu hakuna aliyekuwa akiikata wakati wa hotuba. Dada mkuu alikuwa amepiga magoti anaikunja ukurasa kwa ukurasa, anasoma huku anakunja, midomo inachezacheza. Nilisimama pale muda. Feni ya ndani inatoa ule mlio wake, kama mtu anayepumua usingizini, na ukiweka kiganja pembeni pana joto. Niliweka kiganja.

Mwalimu mkuu akaja na kamba na gunia safi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa sawa. "Mzee wangu, umetuvumilia sana. Tukufungie? Vijana watakubebea mpaka barabarani."

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimeshapanga hata pa kuiweka, pembeni ya cherehani, penye soketi.

Dada mkuu alikuwa ameacha kukunja. Alikuwa amegeuza sikio.

Nikasema, "Malizeni kwanza."

Mwalimu mkuu akauliza, "Jiografia?"

"Shule," nikasema. "Wote. Na watakaokuja."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Dada mkuu akarudi kukunja, kwa haraka zaidi, kana kwamba ningebadili mawazo. Kisha akasema bila kugeuka, "Babu, huyo dada alikuwa akiimba vibaya sana akiwa anafanya kazi. Tulikuwa tunaziba masikio." Nikamwambia nyumbani pia tulikuwa tunaziba. Tukacheka, mimi nikacheka mpaka nikalazimika kukaa.

Nimewaahidi kupita kila Ijumaa kuipangusa vumbi. Mama yako amesema atakuja nami ijayo. Hajatoka nyumbani tangu msiba, kwa hiyo usimharakishe.

Mimi ni mzima. Macho yananisumbua kidogo kwenye kutunga uzi, lakini wateja wapo. Huko uliko, mwanangu, ukipata nafasi, nikumbuke.

Baba yako